Sekunde Tisa

Newala, saa mbili usiku, taarifa ya habari.
Nina daftari, kalamu mbili, kidole juu ya saa ya simu.

Mgombea wa kwanza: dakika nne na nusu,
sauti yake mwenyewe, vigelegele,
hadi kikohozi chake kimerushwa.
Wa pili: bei ya korosho, dakika mbili.
Wa tatu, Somoe Nambunga.
“Naye alikuwepo Kitangari,” asema mtangazaji,
papo hapo tangazo la magunia.

Sekunde tisa.

Ni shangazi yangu.
Mbeleko yake naikumbuka hadi harufu.
Kalamu inaniomba kumi, kumi tu,
nani atajua?

Naandika tisa.

Kwenye safu ya maoni, nyembamba kama ukili,
nabana herufi: *sauti yake haikusikika.*

Sasa wanapiga muziki.
Muziki hatuupimi.