Ikama

Mwaka nilioajiriwa tulikuwa kumi na mmoja
na birika moja la umeme.
Leo tumebaki watatu. Birika ni lile lile,
linachemka upesi siku hizi,
maji yenyewe haba.
Viti vinane tumevigeuzia ukuta
kama watoto waliokosea darasani.

Waraka wa Sofia una ukurasa mmoja na jedwali:
wakazi elfu tisa na kuendelea, watumishi watatu;
chini ya hapo, wawili.
Jedwali halina safu ya theluji,
wala ya mzee Spas anayetaka fomu asomewe mara mbili,
ya tatu aisome mwenyewe kwa sauti, kuhakikisha sikumdanganya.

Wanaiita ikama.
Mimi husikia kukama:
chuchu zile zile, ndoo ile ile,
ng'ombe mbavu nje.

Niko daraja la saba la mshahara, hatua ya nne,
nimesimama hapo tangu Ralitsa wangu ana meno ya utoto.
Sasa Ralitsa anapanga masanduku ghalani, huko Hanova,
na wiki yake moja ni mwezi wangu mzima.
Hanisimangi. Hunitumia kahawa.
Mwezi Machi nilimfuta mwenyewe daftarini,
jina, namba, mtaa, ghorofa ya pili.
Sikulia, foleni ilikuwa ndefu.

Maana kazi yangu ndiyo hiyo, waliokufa na waliohama.
Kila nigongapo muhuri mji unapungua mtu,
na mji ukipungua
tunapungua sisi wagonga mihuri.
Nakata tawi nililokalia,
kwa msumeno wa serikali
niliousainia.

Ijumaa, tarehe thelathini Desemba, saa tisa na nusu alasiri,
daftari linasema elfu tisa.
Elfu tisa kamili, hata kichwa kimoja cha akiba hakuna.
Kesho usiku wa manane Sofia wanahesabu.
Plamen ananiuliza kwa macho.
Yeye ndiye aliyeingia mwisho,
kwa hiyo ndiye atakayetoka kwanza,
na mkewe ana mimba ya miezi minane.

Mlango unafunguka.
Ni Bi Tsvetana wa nyumba za reli, theluji mabegani,
karatasi ya daktari mkononi, imekunjwa mara nne.
"Dimo wangu," anasema. "Alfajiri."

Namgeuzia kiti kimoja kati ya vile vinane.
Namimina chai.
Kisha nasema neno lisilokuwamo kwenye mwongozo wowote:
kibali cha kuzika nakuandikia sasa hivi, mama,
uzike kesho kama ulivyopanga,
lakini daftarini,
kama ungeridhia,
abaki hai hadi Jumatatu.

Ananitazama kwa muda mrefu.
Anavitazama viti saba vilivyobaki ukutani,
anamtazama Plamen ambaye anajifanya kutafuta kalamu
na kalamu iko sikioni.
Sababu haulizi.
Dimo aliishika bendera ya reli miaka thelathini na tisa,
na ile ya mwisho alikuwa akilinda stesheni tatu peke yake
kwa mshahara wa stesheni moja.

"Siku tatu?" anasema.
"Hao ameshawafanyia kazi bure siku nyingi kuliko hizo."
Anakunywa. Anafuta mdomo kwa ncha ya kitambaa chake cheusi.
"Mpangie zamu. Ila usiku usimpangie,
magoti yalikuwa yanamsumbua."

Nafungua droo, naiweka karatasi chini ya kalenda.
Mkono unanitetemeka kidogo; miaka ishirini na sita
sijawahi kukosea tarehe.

Plamen anainuka,
analibeba birika hadi kwenye bomba,
analijaza.