Ndani ya Pete

Fundi Mwepu wa Kamalondo aliiosha kwanza
kwa mswaki mkuukuu na povu la sabuni,
akaisogeza kwenye taa, lenzi jichoni.
Umeme ukakatika. Tukangoja.
Uliporudi, akasema:
"Hii haikuijua mashine.
Imekatwa kwa jicho na mkono. Tazama,
nyuso zake hazilingani,
na chini wameiachia kitovu."

Ndani, chapa mbili:
kichwa cha tai, mdomo umelika,
ndiyo karati kumi na nane;
kisha herufi za karakana ya mbali,
K na kitu, labda R.

"Na aliyelitoa jiwe Kasai, magoti majini?"
Akaigeuza pete mara mbili.
"Huyo hakupewa muhuri."

Mkabala na jiwe ukucha wake ukasita.
Mstari mwembamba, mwekundu kidogo.
"Ilikatwa, ikapanuliwa.
Shangazi yako alikuwa na vidole vinene?"
Vya kutwanga, nikasema, vya kufua nguo za watu.
Madamu alikimbia mwaka wa sitini
akidaiwa mishahara ya miezi saba;
akaivua mlangoni, gari likinguruma.

Mwepu akavua lenzi, akafuta jicho,
lile lile la lenzi.
"Kiungo hiki ni cha baba.
Dhahabu haikumtosha, akaongeza shaba.
Shaba hapa ilikuwa hata kwenye vumbi."

Nilikuja kuuza. Ada ya Mujinga
haijalipwa tangu Januari.
Akanirudishia pete kiganjani, ingali na maji,
akanidai pesa ya sabuni.