Kovu la Tupa

Wengine hutazama uso wa mchunga ng'ombe.
Ottorina hutazama kiunoni.

"Hiyo kichwa wazi," amnong'oneza mjukuu,
"silinda haina daraja juu yake.
Ya mwizi ina daraja: kiwanda kingine.
Na ile, mh! inameza risasi za ganda.
Sinema yadai vita havijaisha;
bastola ile haijazaliwa."

Ukumbi wa parokia, Gardone, mvua nje.
Shujaa afyatua mara tisa.
Vyumba ni sita. Nani kashindilia baruti,
nani kabandika fataki, na saa ngapi?
Ottorina acheka peke yake.

Kisha picha yasogea karibu:
shaba ya njano, na nyuma ya kifyatulio
mkwaruzo, mwembamba kama unywele.

Anyamaza.

Jumanne ile Fiorenza alichemka homa usiku kucha.
Kazini tupa iliteleza, msimamizi hakuona,
kasha likapigiliwa misumari, likaenda Hispania.

"Na hiyo, Bibi? Ya mwaka gani?"

Kwenye kitambaa, Texas, mtu aanguka vumbini.
Hamtazami.

"Hiyo si ya vita," asema.
"Ni ya mwaka mama yako alipoota meno."