Soda Tatu

Jumamosi asubuhi, beseni la nguo uani,
Mkawasi akatia mkono mfukoni mwa sweta ya Bosibori
akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne
kama barua ya mapenzi,
ikinuka mafuta.
Akaisoma kwa sauti, kamba za nguo zikisikiliza,
na Mama Tindi wa nyumba namba sita pia:
kuku vipande vitano, chipsi kubwa mbili, soda tatu.
Tatu, akarudia. Watoto ni wawili.

Mimi nilikuwa juu ya stuli,
nikibadilisha balbu ambayo haikuwa imeungua.

Aliniita Zablon.
Siku za amani mimi ni Baba Bosi.
Zablon, mimi nashinda kliniki ya sukari,
naosha vidonda, nahesabu vidole vya miguu vilivyobaki.
Juzi aliletwa mtoto wa miaka kumi na miwili,
mama yake amembebea begi la shule.
Sitaki siku moja niite jina linalofuata
aitike wangu.

Ningenyamaza. Mwenye hekima angenyamaza.
Nami nikashuka na mwaka wangu wa tisa,
Moi Avenue, jioni, tumetoka Gikomba kwa miguu,
mama na furushi la mtumba kichwani,
na dirisha la kioo, na ndani yake
mtoto wa rika langu akichovya, akichovya,
akiacha nusu sahani bila hata kuiaga.
Mama akasema: nusa, mwanangu, harufu haina bei.
Tukanusa wote wawili, tukaenda zetu Kariobangi
kwenye chai ya rangi.

Wewe unaona mguu, nikamwambia. Mimi naona kioo.

Basi vunja hicho kioo, akasema,
lakini usiwalishe wanangu vigae.

Hapo sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Usiku tulikula ugali na saga kimyakimya
kama watu wanaongoja hukumu.
Bosibori, shahidi mkuu, aliangalia sahani tu.
Mwakio, miaka mitano, akainua kijiko:
Mama, kwani saga haiji na kagari ndani?
Mkawasi akainuka haraka kwenda jikoni.
Nilimwona mabega. Yalikuwa yanacheka,
au kitu kinachofanana na kucheka.

Taa zilipozimwa, Donholm yote imelala
isipokuwa mbwa mmoja na jenereta ya kanisa,
akasema, akiuambia ukuta:
Zamu ya usiku, mgonjwa akituacha,
nikishamfunika na kuandika saa,
hushuka langoni kwa yule kijana wa smoki.
Nala mbili. Na pilipili. Nimesimama.
Kisha nasafisha mdomo, narudi juu
kuwaambia walio hai waache chumvi.

Nilitafuta mkono wake chini ya blanketi.
Ulikuwa bado unanuka sabuni ya kufulia.

Msidhani tulipatana. Jumatano alinunua viazi,
akakata vipande vinene kama mipini ya jembe,
akakaanga kwa mafuta ya kijiko kimoja,
akasimama pembeni na mwiko, akingoja.
Ni tamu, Mama, akasema Bosibori,
mtoto mwenye adabu.
Lakini si zile, akasema Mwakio,
ambaye adabu hajafika.
Mkawasi akanitazama. Nikatazama maganda.

Leo ni Alhamisi.
Karatasi ile ameinyoosha, ameibandika kwenye friji
kwa sumaku ya kliniki, yenye picha ya moyo.
Chipsi kubwa mbili ameziandika moja.
Kuku amemwacha, sijui kwa huruma gani.
Soda tatu amezikata kwa kalamu nyekundu,
mstari mmoja, imara, wa mtu aliyezoea kufuta dozi,
na pembeni, kwa mwandiko mdogo
unaotaka uinamie ndipo uusome:

maji,
chupa nne.