Nyuzi Saba

Aulis, ni nyuzi saba tu.
Hapo ndipo mpira wa kiangazi unapoanza kusahau kazi yake.
Theluji bado, barafu bado,
ziwa letu la Kemijärvi bado liko wazi,
nawe unapita mbele ya karakana yangu
ukinipungia mkono kama tajiri wa muda:
"Wiki ijayo, Tellervo. Wiki ijayo."

Mimi nazisikia tairi zako.
Zinagonga lami kama kwato,
zimekauka kama mkate wa shayiri wa juzi,
na sikio lililokaa hapa miaka thelathini
halihitaji kipimajoto.

Njoo. Shika hii ya kiangazi,
ibonyeze kwa kidole gumba. Inakataa.
Sasa hii ya baridi, iliyolala nje usiku kucha na mwenzake:
inabonyea, laini kama sikio la mbwa.
Tazama ilivyochanjwa uso,
chale nyembamba, mamia kwa mamia,
na kila chale ni mdomo
unaoing'ata barabara, unaiachia,
unaing'ata tena.

Uliwahi kuingia bafu la mvuke na kandambili,
sakafu imejaa povu la sabuni?
Basi ndiyo safari yako ya kila asubuhi,
ila wewe una kilo elfu moja na mia tano,
na Sirkka kando yako akitafuta miwani.

Husemwa ajali haina kinga.
Msemo huo nimeusikia kwa wenye magari mtaroni,
nimeusikia kwa bwana wa bima,
kofia mkononi.
Kwa Helvi mkunga sijausikia.

Helvi huja mwezi wa kumi, mibetula ikiisha majani.
Huleta zote nne,
si mbili za mbele kama shemeji yangu,
ambaye gari lake lilisimama mbele
nyuma likaendelea na safari,
likageuka kuitazama njia lilikotoka.
Mpaka leo anasema ulikuwa upepo.

Februari iliyopita, saa tisa za usiku,
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
Helvi alikuwa akienda Luusua, uchungu umeshamshika mtu.
Penye kona ya msitu, kulungu.
Katikati kabisa.
Macho mawili ya kijani ndani ya taa.
Akakanyaga breki.
Gari likatetemeka, likaguna, likasimama.
Kulungu akalamba chumvi ya barabarani,
akalamba tena, hana haraka,
akaondoka.

Basi. Hadithi yote ndiyo hiyo.
Gazeti halikuandika.
Hakuna king'ora, hakuna vioo kwenye theluji.
Mtoto akazaliwa alfajiri, akalia, akaitwa Vieno,
na tairi hajui ni mdudu gani.

Ndiyo kazi yangu, Aulis.
Nati tano, mara nne,
ili kitu kisitokee.
Nani atakuja kunishukuru kwa kitu ambacho hakikutokea?
Hata Helvi alilipa, akalalamikia bei, akaenda zake.

Lakini rafu ya nne, kushoto, umeiona?
Seti ya Martti. Nzima, safi, mikato yote ipo.
Nilimwekea tayari, jina lake nikaliandika kwa chaki.
Naye alisema wiki ijayo.
Mkewe hajaja kuzichukua, nami simwambii azichukue.
Huwa nazipangusa vumbi ninapofagia.
Tuyaache hayo.

Leo asubuhi kipimajoto cha dirishani kimesema nne.
Kati ya nyuzi zako saba, tatu zimeshakatika.
Jeki iko chini. Kahawa ina moto.
Acha funguo hapo mezani,
kaa,
na usiniambie una haraka.
Mwenye haraka alikuwa Martti.