Natafuta Nyumba

Nilipomwambia Kerubo kwamba natafuta nyumba
aliuliza kama mwenye ploti amepandisha kodi tena,
akaniandikia namba ya dalali wa Donholm.
Sikumkatiza. Nyumba ni nyumba:
hii nayo ina mlango, ina dirisha, ina bei ya kukosesha usingizi,
ila mpangaji wake ni kamera
na mtaa wake ni maji.

Bwana Hirani, ghorofa ya pili, Mtaa wa Biashara,
alizipanga tatu juu ya kioo cha kaunta.
Ya kwanza mfuko, laini, mwepesi kama wa maziwa.
"Huu hauna siri. Ukitoboka, umetoboka."
Ya pili plastiki ngumu, yote uwazi,
hivyo tone likiingia utaliona likiingia;
sijui kama hiyo ni faraja.
Ya tatu alumini nyeusi, nzito kama sufuria ya matanga,
na vitufe vinavyopenya ukuta
kugusa vitufe vya kamera, kidole kwa kidole.
Mita sitini kwenda chini.
Bei yake, kamera mbili na nauli.

"Unazama kina gani?"
Mita moja na nusu, nikasema. Upande wa watoto.
Hakucheka, na kwa hilo nilimpenda.

Sababu ni shangazi Nzilani.
Miaka sitini na minne, goti la kulia limetiwa chuma,
daktari kamwandikia maji kama aandikavyo vidonge:
mara tatu kwa wiki.
Nchi kavu, huhesabu ngazi kwa kuzilaani.
Jumamosi moja nilizamisha kichwa, miwani ya kuazima ikivuja,
nikamwona kule chini:
fulana yake ya kampeni ya zamani imeumuka kama unga wa maandazi,
miguu yote miwili inakanyaga bluu, sawasawa,
hakuna unaombembeleza mwenzake.
Juu, kichwa kilikuwa kinagombana na mwalimu.
Chini, mtu mwingine kabisa.

Picha hiyo haipigwi na mtu aliyesimama pembeni ameshika taulo.

"Kumbuka," Hirani akasema, "imekatwa kwa mwili mmoja.
Ukibadilisha kamera, unahama."
Akachomoa pete ya mpira, nyembamba kama tambi,
akainyoosha kwenye mwanga wa dirisha.
"Hii ndiyo nyumba. Zilizobaki ni kuta."
Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifundishwa.
Majini hujengi kitu.

Nikachukua ya plastiki, iliyotumika, ina mkwaruzo ubavuni.
"Usiitie kamera kwanza. Tia karatasi ya chooni,
izamishe, usubiri saa nzima."

Nizamishe wapi?
Kwetu bomba linakohoa tangu Jumatatu.
Maji huja Alhamisi saa tisa usiku, yakija.
Nikakesha jikoni, mimi na nyumba ya majini,
wote wawili tukingoja maji.

Saa tisa na robo bomba likaguna.
Nilijaza pipa. Kerubo, na ndoo zake koridoni, akachungulia.
"Ndiyo hiyo?"
"Ndiyo."
"Vyumba vingapi?"
"Kimoja."
Akaguna kama bomba, akaendelea kujaza.

Hakuna aliyeniambia kwamba itakataa kuzama.
Imejaa hewa, inanisukuma mikono
kama mtoto asiyetaka kuogeshwa.
Nikaikandamiza hadi viwiko vikafa ganzi,
saa nzima, kasoro dakika nilizoiba.

Nikaifuta, nikafungua komeo.
Karatasi kavu. Kavu. Kavu.
Pembe moja tu, unyevu kidogo,
kama paka kapitisha ulimi.
Na juu ya pete, umelala kwa raha zake,
unywele mmoja mweupe.

Jana alikaa mezani hapa, akaigeuzageuza,
akauliza kama itamnenepesha.

Niliuokota kwa ncha ya kidole.
Nikapaka grisi upya, nikatia karatasi nyingine.
Maji yalikuwa bado yanakuja.