Kumbukumbu za Kikao cha Nne

Mimi ndiye karani. Mwandiko ni wangu.
Ghorofa ya sita, Barabara ya Ngong, saa tatu kamili,
madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma,
na ajenda ni msitu ambao hakuna kati yetu
aliyewahi kulala ndani yake
ila yeye.

Fomu ya mahudhurio ilikuwa na visanduku vya makabila.
Cha mwisho: Wengineo.
Taprandich akakigusa kwa kidole.
"Hawa Wengineo, ni ukoo wa nani?"
Tukacheka. Yeye alikuwa akingoja jibu.

Alitoka Mau usiku, na asali kwenye chupa ya soda
ambayo bawabu aliizuia mlangoni: vimiminika haviruhusiwi.

Mwenyekiti akampa dakika tatu.
Ya kwanza ikaisha akitaja wenye mizinga,
bonde kwa bonde, nani alirithi mti gani kwa nani.
Ya pili, akafika kwenye neno moja, mkalimani akakwama.
"Ni... majira," akasema. Mama akatikisa kichwa.
"Ni ua." Kichwa tena.
"Ni pale nyuki wanapo..." Kengele ikalia.

Makofi. Chai. Mandazi.

Sasa niseme lisilosemwa na makarani:
ukurasa wa mwisho ulikuwa umepigwa chapa tangu Jumatatu.
Jamii ilishirikishwa, ikaridhia.
Kazi yangu ilikuwa kujaza majina juu yake,
kama mtu anayemvisha maiti kanzu mpya.

Nilimkuta chini, anadai chupa yake.
Nikatoa kalamu: mama, lile neno huandikwaje?
Akanitazama kama mtu apimaye kina cha mto kwa fimbo.
"Umelisikia?"
Nikasema ndiyo.
"Lirudie."
Sikuweza.
"Basi usiliandike bado. Njooni kwetu, mlale.
Si mwezi ujao; mwezi ujao tuko mizingani."

Kikao cha tano, kipengele cha kwanza:
kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita.
Nani anapendekeza? Nani anaunga mkono?
Mikono ikapanda kabla swali halijatua.

Mheshimiwa mwenyekiti, nikasema,
na karani hasemi,
ukurasa wa tatu una pengo, mstari wa kumi na moja.
Si kosa la chapa.
Nimeliacha makusudi, upana wa neno moja.
Na hilo "ikaridhia" nimelikata kwa wino wangu.
Mwenyewe hajamaliza kusema.